Mpwa wangu wa miaka 14 anatakiwa aingie kwenye majaribio ya kuchanganya dawa za kansa. Nyumba imegawanyika

#1 MjombaLangoni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika nikiwa Amu. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14, kwao Faza, ana sakoma ya Ewing, kansa ya mfupa, ilimwanza pajani. Alitibiwa kwa kemo na upasuaji akapata nafuu, akarudi hadi shule. Sasa imerudi, na safari hii iko mapafuni.

Hospitali aliyopelekwa nje ya nchi imewapa wazazi karatasi ya utafiti. Dawa mbili zinachanganywa, moja ni irinotekani, nyingine mpya hata jina haina, ina herufi na namba tu. Kipimo kinapandishwa kidogo kidogo kwa kila kundi la watoto mpaka waone mwisho wake ni wapi. Dada yangu yuko tayari kutia sahihi. Mumewe amekataa katakata, anasema mwanawe si wa kujaribiwa. Nyanya yake anataka arudishwe nyumbani asomewe.

Mimi msimamo wangu ni huu: dawa zimalizwe kujaribiwa kwa watu wazima kwanza, watoto waguswe mwisho. Kwani kuna dharura gani ya kuanzia kwa mtoto? Wenye elimu nipeni ukweli, msinifiche.

#2 NgomeniKwetu
Pole sana mkuu, Allah amponye. Mimi niko upande wa baba. Hakuna anayekupa dawa ya maelfu bure bila kutaka kitu kwako. Wazee wetu walituonya juu ya mumiani tukawacheka.

#3 SistaMstaafu
Pole mjomba. Nimefanya kazi ya uuguzi Malindi na Mombasa mpaka nikastaafu, na wodi ya watoto naijua.

Ulilosema la watu wazima kwanza, mara nyingi ndivyo inavyofanyika, dawa mpya huanzia kwao. Lakini haiwezi kuishia kwao. Kansa za watu wazima tunazozizoea ni matiti, mlango wa kizazi, tezi dume, koo. Za watoto ni nyingine kabisa: uvimbe wa Wilms kwenye figo, neuroblastoma ya seli changa za neva, retinoblastoma ya jicho, sakoma za misuli na mifupa. Mtu mzima mwenye Wilms utamtafuta kwa tochi. Hiyo Ewing yenyewe inapenda vijana wa umri wa mpwa wako. Ukisema ingojwe imalizwe kwa wakubwa, wakubwa wenye ugonjwa huo hawapatikani wa kutosha, na mtoto atatibiwa kwa kubahatisha.

NgomeniKwetu, mwanangu, hata kemo ya kwanza aliyopewa huyo kijana ilitoka kwenye majaribio ya watoto wa wenzetu. Miaka ya 1980 huko Marekani walikuwapo madaktari wakibisha kwamba kansa ya mfupa, ile osteosakoma, inatosha kukatwa tu. Wakagawa wagonjwa kwa kura, wengine upasuaji peke yake, wengine upasuaji na kemo ya mchanganyiko. Matokeo yalitoka 1986. Baada ya miaka miwili, waliokatwa tu, 17% ndio ugonjwa ulikuwa haujarudi. Waliopata na kemo, 66%. Ubishi ukaisha siku hiyo. Wale waliokubali kuingia ndio waliotufungulia njia.

#4 MwalimuWitu
Swali la mtu asiye daktari. Kwa nini zichanganywe? Dawa moja nzuri ikipatikana si inatosha? Nilisoma kwamba Uganda miaka ya 1960 watoto wenye uvimbe wa taya, ule wa Burkitt, walipona kwa dawa moja tu. Huo si uvimbe?

#5 DaktariMchanga
Mwalimu, umegusa historia nzuri lakini turekebishe kidogo. Burkitt ni limfoma, huhesabiwa pamoja na kansa za damu na tezi ingawa inaota nundu kubwa usoni au tumboni. Ni kweli kabisa, Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji Kampala, akauandika ugonjwa huo 1958, na baadaye Kampala na Nairobi watoto walipewa saiklofosfamidi au methotreksati peke yake na nundu zikayeyuka ndani ya siku chache. Wako waliopona moja kwa moja. Lakini wengi iliwarudia. Burkitt ni ugonjwa unaokimbia sana na unasikia dawa kuliko karibu nyingine zote, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha Ewing wala cha osteosakoma.

Sababu ya kuchanganya ni hii. Ndani ya uvimbe mmoja mna mamilioni ya seli na hazifanani. Wapo dagaa na wapo nguru humo, na wavu wa macho ya aina moja utatoka na wa aina moja tu, wengine watapita. Dawa moja inaua zile zinazoisikia, zinazobaki ndizo zinazozaana, na uvimbe wa pili unakuja ukiwa sugu. Kwa hiyo unatafuta dawa zinazoipiga seli mahali tofauti. Na la muhimu zaidi, madhara yake yasiangukie kiungo kimoja. Vinkristini inaumiza mishipa ya fahamu lakini uboho inauacha karibu salama, kwa hiyo inaweza kupanda gari moja na dawa inayoshusha chembe za damu. Ukichukua mbili zote za kushusha damu, itabidi upunguze zote, na hapo unaweza kujikuta na mchanganyiko dhaifu kuliko dawa moja iliyokamilika. Ndiyo maana huwezi kuuthibitisha mezani, lazima upimwe.

Sasa mjomba, karatasi uliyoieleza ni ya awamu ya kwanza. Nitasema wazi kwa sababu umetaka ukweli. Lengo la awamu hiyo ni kutafuta kipimo. Kwa watoto huanza mara nyingi kwenye kama 80% ya kile watu wazima walichokivumilia. Wanaingia watatu. Wote wakivumilia, watatu wengine wanapewa hatua ya juu yake. Mmoja akipata madhara mazito, wanaongezwa watatu palepale. Wakiwa wawili au zaidi, hapo ndipo kikomo, wanarudi hatua ya chini. Uvimbe kupungua sawasawa kwenye tafiti za namna hii kwa watoto ni kama mmoja kati ya 10. Kufa kwa dawa yenyewe ni nadra, kama mmoja kati ya 200. Mtu akikwambia ni tiba ya kuponya, amekudanganya. Akikwambia ni kuwaua watoto, naye amekudanganya.

#6 Nahodha_Shela
Daktari umejitahidi lakini nguru havuliwi kwa wavu wa dagaa hata kwa dua 😄 Siku ukija Shela nitakupandisha jahazi nikufundishe. Mengine nimekuelewa vizuri sana. Mjomba pole, tuko pamoja.

#7 MamaNasra
Nami niseme yangu. Binti yangu aliugua Wilms akiwa na miaka mitatu. Nilikuwa namwogesha, namsugua tumbo kwa sabuni, mkono ukakutana na kitu kigumu ubavuni kama embe bichi. Mama mkwe akasema ni wengu wa malaria. Tukakaa na wengu huo mpaka mkojo ukatoka na damu.

Alipewa vinkristini na aktinomaisini kabla ya upasuaji ili uvimbe usinyae, kisha wakatoa figo, kisha wakaendelea na dawa. Yu hai, yuko darasa la tano, mkorofi kweli. Hakuwa kwenye utafiti wowote. Lakini daktari wake alinieleza kitu kilichonituliza: kwamba Ulaya walifanya utafiti mkubwa wa Wilms wakitaka kujua kama wanaweza kuiondoa dawa ya tatu, ile nyekundu, doksorubisini, kwa watoto wenye hatari ya wastani. Wakaona inaweza kuondolewa, watoto wanaishi vilevile, na moyo unasalimika. Mimi siku zote nilidhani majaribio ni kuongeza sumu. Kumbe na kupunguza ni majaribio.

Na vinkristini hiyo inatoka kwenye ua lililojaa kwenye ua wa nyumba yangu hapa Malindi! Lile la pinki na jeupe, petali tano, halina haja ya kumwagiliwa. Asili yake Bukini, yaani Madagaska.

#8 AbuFeisal_Mpeketoni
Subhanallah. Kwa hiyo ukichemsha majani yake kijana si anapata dawa ileile bila karatasi wala visa?

#9 SistaMstaafu
AbuFeisal, tafadhali sana, usilirudie hilo mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Dawa ndani ya jani ni chembe ndogo mno, zinahitajika tani za majani kupata kidogo tu, na jani lina sumu nyingine chungu nzima pamoja nayo. Vinkristini yenyewe hospitalini tunaipima kwa ukubwa wa mwili wa mtoto na kuichoma kwenye mshipa tu. Ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa inaua. Hiyo si ya sufuria.

#10 KijanaWaMambrui
Mimi nauliza tofauti. Ikiwa mbili ni bora kuliko moja, basi tano si bora kuliko mbili? Wamwekee zote amalize.

#11 DaktariMchanga
Kijana, hilo limejaribiwa na majibu yamekuja yakipingana, sikiliza.

Ewing: matibabu ya zamani yalikuwa vinkristini, doksorubisini, saiklofosfamidi na aktinomaisini. Wakajaribu kuzipishanisha na mbili zaidi, ifosfamidi na etoposaidi. Matokeo yakachapishwa 2003. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa haujasambaa, waliopita miaka mitano bila ugonjwa kurudi walipanda kutoka 54% hadi 69%. Faida kubwa. Kwa wale ambao ulikuwa umeshasambaa, haikubadilisha kitu.

Osteosakoma: dawa zilezile mbili, ifosfamidi na etoposaidi, ziliongezwa kwa vijana ambao uvimbe wao haukufa vizuri kwa tiba ya awali. Utafiti wa nchi nyingi, EURAMOS-1, majibu yakatoka 2016. Hakuna faida, madhara yakazidi.

Ini: watoto wenye hepatoblastoma, kansa ya ini, ya hatari ya kawaida, sisiplatini peke yake ilifika sawa na sisiplatini pamoja na doksorubisini. Hiyo ni 2009. Moja ikatosha!

Wazo lilelile la kuongeza dawa, majibu matatu tofauti. Hakuna aliyeweza kuyajua kwa kukaa na kufikiri.

#12 BabaWaWawili
Nimesoma yote. Naomba niwe sauti ya baba ambaye hapa hayupo.

Mnazungumza asilimia. Yeye anaona mwana anayetapika. Mdogo wangu aliuguzwa kansa akiwa na miaka 16, tukalala kwenye mikeka korido za hospitali moja siitaji, tukaambiwa dawa imekwisha nunueni nje, tukauza ng'ombe, tukauza na injini ya boti. Alipofika mzunguko wa mwisho hakutaka tena. Aliniambia, "Kaka nipeleke nyumbani nikaone bahari." Sikumsikia wakati ule, tulimlazimisha. Kwa hiyo baba akisema hapana msimwone mjinga. Huenda anasema hapana kwa sababu ameshamwona mtoto akisema hapana.

Huyo kijana wa miaka 14 ameulizwa na nani?

#13 MwalimuWitu
BabaWaWawili umenigusa. Na mimi nasema tatizo letu si mchanganyiko gani. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri watoto zaidi ya 80% wanapona kansa, huku kwetu nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya 30%. Dawa nyingi ni zilezile. Tofauti ni umaskini. Kutoka Kizingitini mpaka Mokowe ni boti, Mokowe mpaka Mombasa ni basi kutwa, na mtoto ana homa na damu iko chini. Mtoto wa kemo akipata homa ni saa, si siku.

#14 MamaNasra
Mwalimu na kuchelewa je? Mimi sikuwa maskini wakati ule, nilikuwa na wengu wa mama mkwe. Goti la kijana likivimba tunasema kaumia mpirani, au kapigwa jicho. Anapofika kwa daktari limekuwa kubwa kama nazi.

#15 SistaMstaafu
Kuchelewa ni kweli, umaskini ni kweli, lakini mimi nitashikilia la tatu: kuacha matibabu katikati. Niliwaona wengi walioanza vizuri, uvimbe ukasinyaa, mama akadhani kapona, hawakurudi mpaka umeota upya. Kuna mradi wa Wilms wa nchi kadhaa za Afrika, Malawi, Ghana na Kameruni zikiwamo, ambao haukuleta dawa mpya hata moja. Walikubaliana mpango mmoja wa tiba, wakasaidia wazazi nauli na mahali pa kulala. Walioacha matibabu wakashuka kutoka 23% hadi 12%, na waliomaliza wakiwa hai bila ugonjwa wakapanda kutoka 52% hadi 68%. Nauli, jamani.

#16 DaktariMchanga
Dada yangu nakubaliana nawe nusu. Kuna na jambo la miili yetu ambalo hatulipi uzito. Eldoret walipima vinkristini kwenye damu ya watoto wa Kenya wenye kansa, wakakuta wengi mno wana kimeng'enya cha ini kinachoivunja dawa hiyo, na ganzi ya miguu iliyozoeleka kwa watoto wa Kizungu kwao ilikuwa haba. Sasa jiulize, je, kipimo kilichopatikana kwa mtoto wa Boston ndicho kinachomtosha mtoto wa Faza? Huenda tunawapa kidogo. Huenda sivyo. Bila kupima watoto wetu tutaendelea kuazima majibu ya wengine.

#17 SistaMstaafu
Sawa, lakini mtoto asiyefika wodini kimeng'enya chake hakina maana. Fikisha kwanza.

#18 NgomeniKwetu
Na mtoto mwenye utapiamlo je? Mbona hamlisemi? Mwili hauna nyama, dawa itaichukua nani? Nimeona mtoto wa jirani kaanza kemo uzito uko chini kuliko wa mdogo wake.

Na hili la kupima watoto wetu daktari, hapo ndipo nguo inapochanika. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako Kilifi tangu 1989, wamepima watu damu miaka yote na chanjo ya malaria imepita mikononi mwao, hilo nawapa heko. Lakini walijifunza kukaa na wazee barazani na kueleza kabla ya kuchoma sindano. Mpwa wa mjomba hapa yuko nchi ya watu, karatasi ni kurasa chungu nzima, lugha si yake. Nani amekaa naye?

#19 MjombaLangoni
Jazakumullahu khayran nyote. Nimesoma usiku kucha. Swali la BabaWaWawili sikulala nalo.

Yeo asubuhi nimempigia kijana mwenyewe kwa video. Hakuna aliyemuuliza, kweli. Nikamweleza nilivyoelewa kutoka hapa: kwamba ni kutafuta kipimo, kwamba huenda isimfae, kwamba anaweza kusaidia wengine. Alinyamaza, kisha akaniuliza matatu. La kwanza, dripu ni siku ngapi kwa mwezi, na siku nyingine ataachiwa atoke? La pili, akiona imemshinda anaweza kusema basi, au kutia sahihi ni kujifunga? La tatu, kama hataki, wataendelea kumtibu au watamfukuza? Hakuuliza kama atapona. Daktari, haya nayajibu vipi?

#20 DaktariMchanga
Mwana ana akili kuliko sisi sote humu. La pili na la tatu majibu yake ni ya kisheria na kimaadili kila mahali: anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na kukataa hakumwondolei haki ya kutibiwa. Hospitali ikisema kinyume, hiyo pekee ni sababu ya kukataa. Na kwa umri wake ridhaa ya mzazi haitoshi, yeye mwenyewe anatakiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na akubali. Daini mkalimani.

La kwanza waulize wao. Irinotekani kwa watoto mara nyingi hutolewa siku tano mfululizo katika mzunguko. Balaa lake kubwa ni kuharisha, kwa hiyo muulize dawa ya kuzuia anapewa lini, na akiwa nyumba ya kupanga usiku ampigie nani.

Na muulize hili bila haya: njia nyingine nje ya utafiti ni ipi? Kwa Ewing iliyorudi, Ulaya walilinganisha mchanganyiko wa aina tatu na ifosfamidi ya kipimo kikubwa peke yake, utafiti wa rEECur. Gemsitabini na dositakseli ikatolewa mapema, ikafuata irinotekani na temozolomidi, na mwisho ifosfamidi ikaipita topotekani na saiklofosfamidi. Tena hapo moja ikashinda mbili, Kijana wa Mambrui. Je, mpwa wako ameshapewa ifosfamidi nyingi awali? Figo zake zikoje? Jibu la hilo linaweza kubadilisha uamuzi wote.

#21 SistaMstaafu
Na mjomba, nyanya asitengwe. Kusomewa na kutibiwa vinakaa kitanda kimoja. Dawa ya maumivu pia idaini sasa, msingoje mwisho. Mofini ya maji kwa kipimo cha daktari haimfanyi mtoto mraibu, inamfanya alale na ale.

#22 BabaWaWawili
Mwambie shemeji yako kama atapenda kuzungumza na mtu aliyepitia, nipo. Sitamshawishi upande wowote.

#23 MpitaNjia_Garsen
Samahanini kuingilia. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, kila nikimpiga picha kwa simu usiku jicho moja linatoka jeupe kama la paka, jingine jekundu la kawaida. Haumwi. Ni simu mbovu au ndiyo hiyo retinoblastoma iliyotajwa juu?

#24 SistaMstaafu
Inaweza kuwa simu, inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa yenyewe. Hapa hakuna wa kukuhakikishia. Usingoje aumwe, kwa sababu mwanzoni haiumi. Nenda kwa daktari wa macho wiki hii, mwoneshe na picha zenyewe usizifute, na useme waziwazi unataka macho yote mawili yatazamwe kwa ndani kwa dawa ya kupanua mboni. Ikiwahiwa mtoto anaishi, na wakati mwingine hata jicho linabaki.

#25 MpitaNjia_Garsen
Asante mama. Nitateremka Malindi kesho na basi la asubuhi.

#26 MjombaLangoni
Allah amuafu mwanao, usiombe samahani.

Ya huku: ifosfamidi aliipata kwenye tiba ya kwanza, dada ameisoma kwenye faili, na kuna mahali wameandika figo lakini hatuelewi namba zake. Shemeji amekubali kuongea na daktari wa utafiti kabla ya kusema neno la mwisho, amempigia BabaWaWawili pia. Kijana amesema ataamua akijibiwa la dripu. DaktariMchanga, nikikupigia picha ya hiyo karatasi ya figo, jina nikiwa nimelifuta, utaweza kuitazama usiku huu? Kikao chao ni kesho.